Msafara Haukatwi

Saa tatu asubuhi ya Jumamosi simu ya mwenye gari ilikuwa imezimwa, na bibi harusi ameshavaa.

"Piga tena," alisema Bi Rozalia.

"Mama, nimepiga mpaka yule dada wa kwenye simu amenizoea," alijibu mwanawe Leonardi.

Gari lenyewe lilikuwa jeupe, lenye kiyoyozi, mali ya afisa mmoja aliyehamishiwa Kigoma kutoka Iringa, anayekaa ofisi moja na bwana harusi. Wiki nzima Bi Rozalia aliitangazia Gungu yote kwamba Agnesi, kitinda mimba wake, atatoka nyumbani akiwa amekalia viti vya ngozi. Maua ya gari yalishanunuliwa. Riboni zilishakatwa. Matarumbeta yalishapanda kwenye pikapu, yakaanza kupasha midomo, na kila yalipolia watoto wa mtaa mzima waliruka kama bisi kwenye sufuria. Gari ndilo halikuwapo.

Regina, mke wa Leonardi, alikuwa kibarazani akimnyonyesha mwanawe Bariki, ambaye alikuwa ameanza kutambaa juzijuzi tu. Alimtazama wifi yake Agnesi ndani ya shela, machozi yakimlengalenga, wanja umeshaanza kutafuta njia ya kuteremka, akaona hapana, hili haliwezekani.

"Mama," alisema, "bajaji ipo."

Kelele zilikatika. Hata tarumbeta moja lilinyamaza katikati ya wimbo.

"Bajaji gani?"

"Yetu, mama. Ninayoendesha."

"Ile inayobeba migebuka ya Kibirizi?" Bi Rozalia alishika kiuno. "Mwanangu aingie kanisani ananukia mwalo wa samaki?"

"Nimeiosha jana kwa sabuni na malimao. Njoo unuse mwenyewe."

Watu waliangua kicheko. Bi Rozalia hakucheka, lakini alikwenda. Aliingiza kichwa ndani ya bajaji, akanusa kiti cha nyuma kama mtu anayenusa maziwa ya jana, akajitoa taratibu.

"Haya," alisema. "Leteni maua."

Hapo ndipo furaha ilipowapanda watu kichwani. Mapambo yaliyonunuliwa kwa ajili ya gari la milango minne yalishushwa yote juu ya bajaji moja, na msimamizi wa kazi hiyo alikuwa Bi Rozalia mwenyewe, mikono imekunjwa, pini mdomoni. Riboni zilizunguka nguzo, zikarudi, zikazunguka tena. Vioo viwili vya pembeni vilivishwa mafundo makubwa vikawa kama masikio ya sungura. Nyuma, pale penye taa, alibandika ua la kitambaa chekundu, pana kama sinia la pilau, akalikaza kwa kamba ya katani.

"Mama, hapo kwenye taa..." Regina alianza.

"Hapo kwenye taa pamefanyaje?"

Wageni walikuwa wamesimama pale, shangazi wa upande wa bwana harusi wakiwamo, macho yao yakipima kila kitu. Mkwe hasahihishwi mbele ya watu.

"Pamependeza, mama," alisema Regina.

Tena palipendeza kweli, usifanye mchezo. Bajaji ile, ambayo jana ilikuwa imejaa ndoo za dagaa, sasa ilisimama uani kama keki. Agnesi aliifuta pua yake, akacheka kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Alipanda yeye na matroni wake, na matroni akampakata Bariki, ambaye hakukubali kubaki. Regina alikunja gauni lake la sare hadi magotini, akavua viatu vya visigino, akavaa ndala, akawasha moto.

"Sikilizeni!" Bi Rozalia alipaza sauti akipanda nyuma ya pikipiki ya Leonardi, amekaa upande, kitenge chake kipya kikimetameta. "Msafara haukatwi! Mgeni akipenya kati ya bibi harusi na watu wake, basi na ndoani atapenya vilevile. Kama mnamtakia Agnesi mke mwenza, acheni nafasi! Leonardi, sisi ndio wa kwanza nyuma yake. Asipite hata kuku!"

"Hata kuku, mama," alisema Leonardi, akapiga resi.

*

Mpaka leo watu wa barabara ile wanauzungumzia msafara ule. Mbele pikapu ya matarumbeta, wapigaji wamevimba mashavu. Nyuma yake bajaji ya maua. Nyuma ya bajaji pikipiki ya Leonardi na mama mzaa chema, na nyuma yao bodaboda za rafiki zake kijiweni, honi juu ya honi, mmoja amesimama wima kwenye pikipiki yake kama mwanasarakasi. Mafundi cherehani walitoka vibarazani. Wanafunzi wa tuisheni walining'inia madirishani. Mama mmoja aliyekuwa anakaanga maandazi alipiga vigelegele akiwa na mwiko wake mkononi.

Regina moyo ulimwenda mbio kwa raha. Miaka miwili ameendesha bajaji mjini hapa, amezoea kuitwa "we mama, pisha!", amezoea abiria kumtazama, kusita, kisha kupanda ya mwanamume. Leo bibi harusi amekaa nyuma yake na mji mzima unashangilia. Alipiga honi kufuata mdundo wa ngoma. Alitaka kumwona Leonardi, wacheke pamoja, akatupa jicho kwenye kioo, akakutana na fundo la riboni.

Hakuwa na haja ya kioo kujua wako karibu. Aliisikia sauti ya mama mkwe juu ya honi zote: "Sogea! Sogea, Leonardi! Unaacha nafasi ya nini?"

Walikuwa wanashuka kuelekea Buzebazeba mbwa alipotoka.

Alikuwa jike, mwekundu, mbavu nje, matiti yamening'inia ya kunyonyesha. Pikapu ilikuwa imeshampita, amejikunyata pembeni ya duka la mbao, na matarumbeta yalipolia mbele ya masikio yake alichanganyikiwa, akakimbilia mahali pekee palipokuwa wazi, yaani katikati ya barabara, mbele ya tairi la bajaji. Akasimama hapo. Akamtazama Regina.

Mguu ulikanyaga breki kabla kichwa hakijapata habari.

Bajaji ilikita palepale. Agnesi alirushwa mbele, shela ikamfunika Regina kichwa kizima. Na ndani ya weupe ule Regina alisikia nyuma yake kishindo, chuma kwa chuma, kisha sauti moja fupi ya mtu mzima akianguka chini.

"Bariki!" ndilo neno la kwanza lililomtoka.

"Yupo! Yupo kwangu!" alijibu matroni. Mtoto alikuwa analia, na kilio kile kilikuwa kitamu kuliko nyimbo zote za asubuhi.

Regina aliruka chini pekupeku. Pikipiki ya Leonardi ilikuwa imelala, gurudumu la mbele limeingia chini ya bajaji, ua jekundu limepasuka juu yake. Leonardi alikuwa anainuka, suruali ya suti imechanika gotini. Na kwenye lami alikaa Bi Rozalia, kilemba kimemtoka, mkono wa kushoto ameupakata kama kitu alichookota. Kiganja kilikuwa kimepinda upande usio wake.

Mbwa alishavuka, ameshapotea nyuma ya mbao.

"Nini? Nini kimetokea?" watu walikimbia kutoka kila upande.

"Mbwa!" mmoja alisema. "Dada amefunga breki kwa ajili ya mbwa!"

"Mbwa?"

"Mbwa, nakwambia! Si angempitia tu?"

"Wanawake bwana. Angekuwa panya je, si angezima na injini?"

Kicheko kilipita kwenye umati. Regina alipiga magoti mbele ya mama mkwe. "Mama, pole, mama..."

Bi Rozalia alimtazama kwa macho makavu. "Mbwa," alisema polepole, kama mtu anayeonja neno. "Umenivunja mkono siku ya harusi ya mwanangu kwa ajili ya mbwa." Kisha akageukia watu. "Mnatazama nini? Niinueni! Agnesi anaolewa leo, mkono utangoja!"

Wala hakukubali hospitali. Askari wa barabarani, mama mnene mwenye kofia nyeupe, alifika kwa mguu kutoka njia panda, akauliza nani alikuwa mbele na nani nyuma, na kabla hajamaliza sentensi ukoo mzima ulishamzingira. Wetu kwa wetu, afande. Mke na mume, afande. Ni harusi, afande. Askari aliitazama bajaji, akainyanyua ile kamba ya katani kwa kidole kimoja, akatikisa kichwa.

"Fungueni hiki kitu kwanza," alisema. "Na majeruhi aende hospitali. Mkishindwana mje."

Mkono wa Bi Rozalia ulifungwa kwa khanga. Aliingia kanisani kwa miguu yake mwenyewe, uso ukimvuja jasho, na padri alipotamka kuwa sasa ni mume na mke, alipiga vigelegele kwanza kuliko wote. Baada ya hapo ndipo alipozimia.

*

Hospitali walimfunga plasta ngumu kutoka kwenye kiwiko hadi vifundoni mwa vidole. Daktari alimwambia aulaze mkono juu ya mto, asiuning'inize, na vidole vikivimba au kubadilika rangi arudi upesi. Bi Rozalia alisema amesikia. Lakini Jumapili wageni wa pongezi walimiminika nyumbani kwake, na mtu atapokeaje pongezi akiwa amelala? Alikaa sebuleni, mkono umening'inia kando ya kiti, akisimulia.

"Wala si lori lililonigonga," aliwaambia. "Wala si gari. Mkwe wangu aliona mbwa."

Kila mgeni alipoondoka, mkono wa Bi Rozalia ulikuwa umevunjika kwa ajili ya mbwa zaidi kuliko kabla hajaingia.

Regina alikuwa jikoni, akiwapikia hao hao wageni. Alisikia kila neno. Wanawake walipoingia kuchukua sahani walimsalimu kwa Kiha, "Mwakeye" ya asubuhi, huku wakibana vicheko, na mmoja alithubutu kubweka. "Hau! Jamani, Mama Bariki, usije ukatumwagia mchuzi!"

Alicheka nao. Ungefanya nini? Lakini usiku ule kabla ya kulala, akiwa chumbani kwao anamvua Bariki, alimwuliza mumewe, "Baba Bariki, wewe ulikuwa umbali gani?"

Leonardi alikuwa anapaka dawa gotini. "Umbali gani lini?"

"Unajua lini."

"Karibu."

"Karibu kiasi gani?"

"Ningenyoosha mkono ningeligusa ua," alisema.

"Sasa mbona husemi? Tangu jana mama anawaambia watu mimi nimemvunja, na wewe umekaa hapo unakunywa soda."

"Nimwambie nini, Regina? Nimwambie mama, si mkweo, ni mimi mwanao niliyekuwa nimekubeba ndiye niliyekuangusha?" Alikifunga kichupa cha dawa. "Nilimsikia akianguka. Bado namsikia."

Regina alimtazama yule mwanamume mkubwa, dereva wa miaka mingi, goti lake limepakwa dawa ya rangi ya zambarau kama mtoto wa shule, hasira ikamshuka nusu. Nusu nyingine ilibaki palepale.

"Kesho wanakaa kikao," alisema. "Mdogo wako Pastory anataka bajaji."

"Najua."

"Wakimpa, mimi nabaki na nini? Narudi kumenya vitunguu vya watu? Na wewe unajua ndani ya moyo wako kwamba sikukosa peke yangu."

Leonardi alizima taa ya simu. Akajilaza akiwa amempa Regina mgongo.

*

Bajaji ilinunuliwa baada ya shamba la michikichi la marehemu baba mkwe kuuzwa, kwa hiyo ukoo mzima uliona una kidole kwenye hendeli yake. Alasiri ya Jumatatu walikutana sebuleni kwa Bi Rozalia. Mwenyekiti alikuwa Mzee Polycarp, ndugu wa marehemu, ambaye aliomba soda ya baridi kabla ya sala ya kufungua, na nyingine baada yake. Pastory, mdogo wake Leonardi, alikaa karibu na mlango, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Ufunguo wa bajaji ulikuwa mezani, katikati ya chupa.

"Tuanze na mbwa," alisema Mzee Polycarp. "Mbwa huyo ni wa nani? Mwenye mbwa ndiye wa kwanza kuulizwa."

"Hana mwenyewe, baba," alisema Leonardi.

"Kila mbwa ana mwenyewe."

"Yule alikuwa wa barabarani."

"Basi ni wa serikali," alisema mzee, "na serikali hatuiwezi. Tuendelee."

Pastory alikohoa. "Mimi shemeji yangu namheshimu. Anapika vizuri, ana adabu. Ila barabara haitaki huruma. Dereva akiona mbwa anafumba jicho anapita. Ukimhurumia mbwa unaua watu. Mfano ndio huyo mama, mbele yetu." Aliunyooshea mkono wenye plasta, na Bi Rozalia akaunyanyua kidogo ili uonekane vizuri. "Basi mimi nasema bajaji niendeshe mimi. Shem apumzike na mtoto."

"Nani amesema nimechoka?" Regina aliuliza.

"Shem, usikasirike. Jibu swali moja. Ungempitia yule mbwa, mama angekuwa na mkono au asingekuwa nao?"

Macho yote yalimgeukia. Regina alikuwa amejiandaa usiku kucha. Alikuwa na maneno makali yamepangwa tayari: nani alifunga riboni kwenye vioo? Nani alibandika ua kwenye taa ya breki, mpaka aliye nyuma asione ikiwaka? Nani alikuwa anapiga kelele sogea, sogea? Kila swali lilikuwa na jibu moja, na jibu hilo lilikuwa limekaa kwenye kochi kubwa, limevaa khanga ya harusi. Alimtazama mama mkwe. Bi Rozalia naye alikuwa anamtazama, kidevu juu, lakini mkono mzima ulikuwa ukiikunja na kuikunjua ncha ya khanga. Anajua, aliwaza Regina. Anajua na ananingoja niseme.

"Sijui, Pastory," alisema. "Labda angekuwa nao. Labda bajaji ingempanda mbwa ikapinduka na Agnesi ndani, na Bariki. Ina magurudumu matatu tu ile. Mguu wangu ulikanyaga, sikuutuma. Lakini kosa langu nalijua, na si la mbwa. Niliona vioo vimefungwa. Niliona taa ya nyuma haionekani. Dereva ni mimi, si mtu mwingine, na niliondoka hivyohivyo kwa sababu niliona aibu kusema. Hilo ndilo kosa langu. Siku nyingine nitasema, hata akiwa askofu amekaa nyuma."

Hakuna aliyetaja nani alivifunga. Hakukuwa na haja. Shangazi mmoja alianza kuchunguza kucha zake.

"Kwa hiyo amekiri," alisema Pastory, mkono ukisogea kwenye meza.

"Ngoja," alisema Leonardi.

Alisimama. Goti lilimuuma, akashika ukuta.

"Baba, mama. Tangu Jumamosi mnasema mbwa, mbwa. Mimi mbwa sikumwona. Nasema kweli mbele ya Mungu, sikumwona mpaka leo. Nilichoona ni mgongo wa bajaji. Sasa niulizeni mimi: angekuwa si mbwa? Angekuwa mtoto wa yule mama wa maandazi? Regina angekanyaga breki ileile, na mimi ningemgonga vilevile, na mama angeanguka palepale. Au mngetaka ampitie na mtoto, ili mimi niliye nyuma nipate nafasi?"

"Mtoto si mbwa," alinung'unika Pastory.

"Aliye nyuma hajui! Ndicho ninachokwambia!" Leonardi alipiga ukuta kwa kiganja. "Aliye mbele ndiye anayeona. Aliye nyuma kazi yake ni moja tu, kuacha nafasi. Miaka yote nabeba abiria, na abiria wangu nawaachia nafasi. Siku niliyombeba mama yangu mzazi, sikuacha." Akamgeukia Bi Rozalia. "Mama, aliyekuvunja mkono ni mimi. Nisamehe."

Ilikuwa kama vile mtu amefungua dirisha. Wengine walianza kusema kwa pamoja, shangazi anamtetea huyu, mjomba anamlaumu yule, Mzee Polycarp anagonga chupa kwa kifungulio, "Utaratibu! Utaratibu jamani!" na Pastory anapiga kelele kwamba hilo halibadilishi kitu, mwanamke ni mwanamke, na ufunguo tayari uko mkononi mwake. Katikati ya vurugu hilo Bi Rozalia peke yake hakusema neno. Regina ndiye aliyeona. Kwanza alidhani ni machozi. Kisha akaona ni jasho, jasho la baridi, limetanda juu ya mdomo. Akashusha macho hadi kwenye plasta.

Vidole vilikuwa vimevimba, vinene kama ndizi bukoba, na kucha zimegeuka rangi ya bluu.

"Mama!" Alivuka meza, chupa zikaanguka. "Mama, vidole! Vimekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu asubuhi," alisema Bi Rozalia kwa sauti ndogo. "Havisikii kitu. Nilitaka kikao kiishe kwanza."

"Kikao kiishe! Daktari alisema upesi! Mama, mkono huu utakatwa!"

Neno lile lilifyeka kelele zote. Mzee Polycarp alisimama na soda yake. Leonardi alimnyanyua mama yake upande wa mkono mzima. Pastory, hilo tumpe haki yake, hakungoja kuambiwa: aliruka nje, akajitupa kwenye bajaji, akaiwasha, akainyongea mafuta hadi ikaruka uani kama mbuzi, kuku wakatawanyika, akaigeuza mbele ya mlango kwa mlio wa tairi.

"Twende!" alipiga kelele. "Nitamfikisha kwa dakika tano! Asisimame mtu mbele yangu leo!"

Bi Rozalia alifika kizingitini, akasimama. Aliitazama bajaji inayonguruma. Alimtazama Pastory na miwani yake. Vumbi lilikuwa bado halijatua.

"Shuka," alisema.

"Mama, hakuna muda!"

"Ndiyo maana nakwambia shuka." Alikuwa anahema. "Regina yuko wapi? Regina!"

"Nipo, mama."

"Endesha wewe."

"Lakini mama," Pastory alilalamika, "huyu si ndiye..."

"Ndiye," alisema Bi Rozalia. "Mtu anayemsimamishia mbwa wa watu hawezi kunipitiliza mimi kaburini. Shuka, mwanangu, kabla sijakutoa kwa mkono huu uliobaki."

Pastory alishuka. Alipotaka kumpa Regina ufunguo alikumbuka uko kwenye swichi, akabaki ameufungua mkono mtupu. Regina hakumtazama. Alishapanda, amevua ndala, amevigusa vioo vyote viwili akavinyoosha mpaka akamwona Leonardi kwenye kiti cha nyuma, amemshika mama yake kwa mkono mmoja na kuunyanyua mkono wenye plasta kwa mwingine, juu ya bega, kama bendera.

"Tayari?"

"Tayari!"

Walitoka Gungu mchana kweupe, honi ikilia mfululizo. Bodaboda za kijiweni zilitaka kuunga msafara, lakini Leonardi alizipungia, rudini, rudini huko! Regina aliiona njia panda, akapunguza, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaona pamefunguka, akasita nusu sekunde kwa ajili ya mama mkwe na mifupa yake, asije akamtikisa.

Kutoka nyuma ilisikika sauti aliyoizoea, yenye maumivu lakini ileile ya kuamrisha.

"Unangoja nini, mwanangu? Kimbiza! Breki unajua ilipo."

Regina alinyonga hendeli ya mafuta.